Mshtakiwa Aliyekaa Eda

Katika miaka niliyokuwa mtendaji wa kijiji, upande wa Zinga kuelekea baharini, nilikuwa na daftari moja ambalo halikuwa la mikutano wala la vizazi na vifo. Lilikuwa la watu wenye kesi. Hakimu akimpa mtu dhamana, mara nyingine huweka sharti kwamba kila Jumatatu aripoti kwa mtendaji wake, atie saini, na asitoke nje ya wilaya bila kibali cha maandishi. Basi Jumatatu asubuhi benchi la nje ya ofisi yangu lilijaa washtakiwa: wa kupigana ngomani, wa kuingiza ng'ombe kwenye shamba la watu, wa bangi, na mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kung'oa mawe ya mpaka, ambaye kila wiki alinieleza kesi yake upya kana kwamba mimi ndiye nitakayehukumu. Wote nilikuwa nawajua. Mtu niliyetakiwa kumchunga asitoroke alikuwa ni yule yule aliyeniletea samaki nilipougua malaria mwaka uliotangulia.

Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha. Semina za watendaji nilizohudhuria zilikuwa za kuandika mihtasari na kusimamia ujenzi wa madarasa. Namna ya kumtazama mtu ambaye bado hajaonekana na hatia, lakini tayari anatakiwa kujieleza anakolala, nilijifunza mwenyewe kwa kukosea. Mtu asipotokea hadi saa sita mchana, nilimtuma mgambo. Mgambo akirudi peke yake, nilikwenda mwenyewe. Kwa miaka mitatu hakuna aliyenitoroka, na jambo hilo nilikuwa nalitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mimi ni mtu wa bara, mtoto wa katekista, nimekulia milimani kwenye baridi na migomba. Wiki ya pili tu baada ya kufika Pwani kulitokea msiba, nami nikaenda kuwapa pole wafiwa. Nikaingia hadi ndani, nikampa mkono mjane aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Wanawake wote wakanyamaza kwa pamoja. Mmoja akanishika kiwiko akanitoa nje taratibu, kama mtu anavyomtoa kuku jikoni. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo niliamua kuwa mstaarabu kuliko wenyeji wenyewe. Nilijifunza kubisha hodi mara tatu na kuondoka nisipojibiwa. Viatu nilivua hata pale nilipoambiwa nisivue. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nakunywa maji nimejifungia ofisini, dirisha nimelirudishia. Watu wakaanza kusema kwamba huyu mtendaji wetu, ingawa ni wa bara, ana adabu zake. Nilizipenda sifa hizo kupita kiasi. Nalisema wazi kwa sababu ubaya wote nitakaousimulia ulianzia hapo.

Mwanamke ninayemkumbuka alikuwa akikaanga samaki na mihogo kando ya barabara ya Dar, chini ya kibanda cha makuti. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, mwenye miezi minne. Siku moja mwanamume mmoja wa pale pale kijijini alimjia kwa nyuma wakati ameinamia jiko, akamkamata kiuno. Akageuka na karai mkononi. Mafuta yalimbabua yule bwana mkono na kifua. Kituoni bwana akaeleza kwamba walibishana tu kuhusu samaki aliyeungua, mara mama akapandisha hasira. Bwana alikuwa na jeraha la kuonyesha na fomu ya polisi ya PF3 iliyojazwa na daktari. Mama hakuwa na kitu cha kuonyesha. Akashtakiwa kwa kudhuru mwili.

Hadi kaka yake, seremala wa Zinga, alipokamilisha karatasi za kumdhamini, zilikuwa zimepita wiki mbili. Wiki hizo alizilala mahabusu, gerezani, na mtoto wake kifuani kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Walipotoka, mtoto alikuwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku tisa hospitali, na siku mbili kati ya hizo hawakujua kama atapona.

Jumatatu yake ya kwanza nilimkuta amesimama nje ya ofisi kabla sijafika, mtoto mgongoni. Nikamsomea masharti. Akayasikiliza yote, kisha akaniambia jambo ambalo sikuliandika popote lakini nalikumbuka neno kwa neno.

"Bwana mtendaji, watakalosema nitalifanya. Ila kule na mtoto huyu sirudi. Tukirudi, simtoi mzima."

Nikamwambia ni rahisi: uripoti kwangu, uende mahakamani kila tarehe yako, hakuna atakayekugusa. Naye akafanya hivyo. Hakukosa Jumatatu hata moja. Siku za mvua alikuja na mfuko wa plastiki kichwani. Laiti watu wangu wote wangekuwa kama yeye, daftari lile lingejiandika lenyewe.

Mumewe alikuwa utingo wa lori la mizigo. Kesi ikiwa na miezi minne, lori hilo liliacha njia karibu na Msata, na watu wawili wakafa, mmojawapo yeye. Akaletwa nyumbani akazikwa siku ile ile, nami nikaenda makaburini, nikasimama nyuma panaponipasa. Kisha mjane akaingizwa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya marehemu, chini ya uangalizi wa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kubishana nayo.

Jumatatu iliyofuata hakuwepo kwenye benchi. Sikumtuma mgambo. Nilichukua daftari nikaenda mwenyewe, nikavua viatu, nikabisha hodi mara tatu. Wifi akanipokea barazani na kunieleza kwa upole kwamba kizuka, ndivyo wanavyomwita mjane aliye edani, haonani na mwanamume asiye ndugu yake. Nikamjibu kwamba nalijua hilo, na kwamba sikuja kumwona, nimekuja kumsainisha. Nadhani alishangaa. Akaniwekea kigoda ukumbini, mbele ya chumba chenye pazia la maua mekundu, akaingiza daftari na kalamu ndani. Daftari likarudi na saini. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ikiniamkia.

"Shikamoo, bwana mtendaji."

"Marahaba, mama. Pole na msiba."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nilimchunga mshtakiwa nisiyemwona, nikijua kwa sauti tu kama amelala au hakulala. Mtoto ndiye hakujua habari za eda. Alikuwa ameanza kutambaa, akawa anapita chini ya pazia kuja kuning'inia kwenye funguo zangu, hana woga hata kidogo, mpaka mkono utoke ndani umvute kwa gauni. Nikawa naona fahari. Nilijiambia kwamba mtendaji mwingine angemburuta mjane ofisini, lakini mimi ninaijua Pwani.

Mwezi mmoja baada ya mazishi ilikuwa imekaribia tarehe ya kesi. Jumatatu hiyo daftari lilichelewa kurudi. Sauti ikaniuliza afanye nini. Kaka yake alikuwa amempigia simu akamwambia aende mahakamani, aende na buibui lake na mtu wa kumsindikiza, kisha arudi. Wifi anasema haifai, marehemu hata arobaini hajafikisha, watu watasema hakumpenda. Yeye mwenyewe hajui. Anataka niseme mimi.

Wifi alikuwa amesimama pale pale karibu na pazia, ananitazama. Kutoka kwenye kigoda changu, kupitia mlango wa uani, ilionekana nyumba ya sheikh wa msikiti wetu, na nguo zake zimeanikwa kwenye kamba. Ningeweza kuinuka na kwenda kumuuliza. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba sijui, na mimi nilikuwa yule mtu wa bara anayejua.

"Tulia, mama," nilisema. "Serikali inaheshimu dini ya mtu. Nitaandika barua, nitagonga muhuri, watasubiri mpaka utoke eda."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Usiende."

"Haya. Wewe ndiye serikali yetu."

Wifi akatikisa kichwa kukubali, akanipa kahawa na kashata. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama nilivyojisikia nikinywa kahawa ile.

Barua niliiandika vizuri. Nilieleza eda ni nini, kana kwamba mahakama ya Bagamoyo haijawahi kuisikia, nikaomba mshtakiwa asisumbuliwe hadi siku zake zitimie. Nikampa kaka yake akaipeleka masjala. Tarehe ikapita salama, kesi ikaahirishwa. Nikampelekea mama habari hizo mimi mwenyewe, na kupitia pazia nilimsikia akimshukuru Mungu. Nikajisifu, hata kwa mke wangu, kwamba barua yangu imekubaliwa. Kumbe siku hiyo hakimu hakuwepo, alikuwa safarini. Kesi zote zilisogezwa mbele na karani, na barua yangu ilikuwa imelala ndani ya faili bila kusomwa na mtu.

Tarehe ya pili ilikuja eda ikiwa imebakiza wiki tatu. Safari hii hata sikuulizwa. Mimi sikwenda, tulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya bomba la maji. Saa saba mchana kaka yake akanipigia simu, sauti yake kavu. Mlalamikaji alikuwepo na kovu lake, na shahidi wake pia. Hakimu alipomwita mshtakiwa na asiitike, mwendesha mashtaka akasema ameruka dhamana. Kaka akasimama kueleza. Hakimu akafungua faili, akaikuta barua yangu, akaisoma kwa sauti, kisha akauliza tangu lini mtendaji wa kijiji anampa mtu ruhusa ya kutofika mahakamani. Akauliza kama kuna cheti cha daktari. Hakuna. Akauliza kama kuna neno lolote la sheikh. Hakuna. Akasema kwamba yeye mwenyewe ni Mwislamu, na mama yake alipokaa eda alikuwa akienda hospitali kuchukua dawa za presha kila mwezi, na hakuna aliyemsema. Akafuta dhamana, akaandika hati ya kukamatwa.

Polisi wakiingia kijijini kumkamata mtu huanzia kwa mtendaji, naye ndiye huwapeleka nyumbani kwa huyo mtu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Asubuhi ya siku ya tatu wakaja wawili, askari wa kiume na wa kike. Nikawaomba wangoje wiki tatu tu. Nikawaambia kosa ni langu. Yule askari wa kike, binti mdogo wa umri wa mwanangu, akanijibu kwa heshima kwamba wao hati wamepewa tu, hawakuiandika wao. Basi tukaenda. Nilivua viatu. Wao hawakuvua.

Wifi alipoona sare alikaa chini pale pale barazani. Askari wa kike akaenda moja kwa moja, akalifunua pazia. Akatoka naye. Mama amevaa nguo nyeupe, mtoto kiunoni, amekonda uso mpaka macho yameonekana makubwa. Kwa zaidi ya miezi mitatu nilikuwa sijamwona. Alinitazama mimi peke yangu, askari hakuwatazama kabisa.

"Ulisema watasubiri," akaniambia.

Akaomba achukue nepi na kanga ya pili ya kumfunika mtoto usiku. Akaruhusiwa. Majirani wote walikuwa nje, na mjane alipitishwa katikati yao akiwa bado yuko ndani ya siku zake za eda, siku ambazo mimi ndiye niliyejifanya kuzilinda. Wifi alijitolea kubaki na mtoto, lakini mtoto alikuwa bado hajaachishwa ziwa, na alipochukuliwa alilia hadi akakakamaa, wakamrudishia mama yake. Mimi nikatia saini kwenye karatasi yao kwamba mtuhumiwa amekamatwa mbele yangu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa sheikh, wakati ambapo haikuwa na faida tena. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akavua miwani akaipangusa kwa shati. Akaniambia mwenye eda hutoka mchana akiwa na haja ya kweli: hospitali, mahakamani, hata sokoni kama hana wa kumtuma. Kinachotakiwa arudi kulala nyumbani kwake. Jambo hili, alisema, hata wanafunzi wake wa madrasa wanalijua.

"Mbona hukuniuliza, bwana mtendaji? Ningekujibu kabla chai haijapoa."

Nikamwambia niliogopa kuonekana siheshimu. Alivaa tena miwani yake. Halafu akasema, bila hasira, kwamba heshima ya kutouliza inafanana sana na dharau. Nilichukia kusikia hivyo. Ninachukia hata leo, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilifanya nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa kidogo. Nilikwenda mahakamani nikaomba kusikilizwa, nikasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Hakimu alinisikiliza kwa adabu. Akasema dhamana haikuwa yangu bali ya mshtakiwa, naye ni mtu mzima aliyesomewa masharti. Akakataa kuirudisha. Kuomba Mahakama Kuu kulihitaji wakili, na kaka mtu hakuwa na uwezo huo, wala mimi. Baada ya hapo kesi ikaanza kutambaa. Mara shahidi hayupo, mara daktari aliyejaza ile PF3 amehamishiwa mkoa mwingine na anasubiriwa. Kila ilipoahirishwa, mama na mtoto walirudi gerezani.

Siku ya kutembelea wafungwa nilikwenda mara moja. Nilifika getini na mfuko wa sabuni na maziwa ya unga, nikaona foleni ya ndugu, nikamkabidhi mfuko mama mmoja aliyekuwa mbele yangu amfikishie, nikarudi nyumbani. Nilikuwa mwoga, ndiyo sababu, sina nyingine. Jumatatu niliendelea kukaa na daftari langu, nikawa mkali. Mzee wa mawe ya mpaka aliniomba kibali cha kwenda kuzika Pangani, nikampeleka kwanza kwa karani wa mahakama kwa mkono wangu. Watu wakasema mtendaji amebadilika.

Tangu siku aliyokamatwa ilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Siku ya hukumu hakimu alisema ameyaamini maelezo ya mama: alishikwa akiwa ameinamia moto, mtoto wake amelala nyuma yake, na akajitetea kwa kile kilichokuwa mkononi. Hana hatia, aachiwe. Kaka yake alinipigia simu akilia kwa furaha. Mimi nililia pia, lakini si kwa furaha tu. Nilikuwa nimeshafanya hesabu. Kama angekwenda mahakamani zile tarehe mbili, siku hizo zote angezilala nyumbani kwake.

Nilingoja wiki mbili ndipo nikaenda kumwona. Alikuwa amehamia kwa kaka yake huko Zinga. Nilibeba kilo za sukari na unga, na gauni dogo jekundu ambalo mke wangu alilichagua, tukikisia kimo cha mtoto. Njiani nilijiandaa kwa matusi. Kusema kweli niliyatamani, nilijua nitatoka hapo mwepesi.

Alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye ungo. Nilisimama mlangoni nikabisha hodi, akainua uso, akaniamkia kama zamani, shikamoo, bwana mtendaji. Nikaitikia. Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na furaha. Mtoto alikuwa akicheza na vifuniko vya chupa katikati ya ukumbi. Alikuwa amekua, ana miguu imara na nywele zilizosukwa. Nikafurahi kuona amekuwa mzima, na nikataka kusema hivyo.

Aliponiona aliacha vifuniko vyake. Akaenda upesi hadi ukutani, akachuchumaa, akaweka mikono miwili kichwani, akainamisha uso. Hakulia. Alikaa hivyo kimya, kama mtu anayejua kazi yake.

Nilidhani ni mchezo. Nikamwita kwa jina lake, nikamwonyesha gauni. Hakuinua uso.

"Mwache," mama yake akasema. "Kule walikuwa wanatuhesabu asubuhi na jioni. Mtu akisimama mlangoni, anajua amekuja kuhesabu."

Nikamuuliza huwa anakaa hivyo kwa muda gani. Akapepeta mchele kidogo kabla ya kunijibu.

"Mpaka mtu aondoke mlangoni."

Maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa ya kuomba msamaha yalikuwa mdomoni, na kila neno lingemweka mtoto pale ukutani zaidi. Nikaweka mfuko chini. Nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, nyingine, hadi barabarani, ili apate kusimama.